RAMADHANI, SIKU YA 12: Bangi ikiruhusiwa?



Vijiweni hapa Ifakara mjadala hauishi: bangi iruhusiwe au la? Huyu anasema Malawi waliruhusu kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2020, na sisi bado tunauza mpunga kwa bei ya dalali. Yule anasema inampa nguvu ya kulima. Kwetu bado ni kosa, kwa sheria ya 2015.

Allah hakuficha kwamba kileo kina manufaa. Ameyataja katika Al-Baqara, aya ya 219, kisha akatufahamisha kuwa dhambi yake inazidi. Kwa hiyo hata sheria ya nchi ikibadilika kesho, hukumu ya kulewa iko palepale.

Lakini tusiishie kulaani. Yule kijana wa bodaboda mtaani kwako, mvutaji unayemjua, mwezi huu amefunga. Alfajiri mpaka magharibi haigusi. Si anaweza, jamani! Kinachomshinda ni baada ya kufuturu: kijiwe kinamwita, sisi hatumwiti.

Leo mwite kwenye futari yako, kisha mwende naye tarawehe.

Ya Allah, tuhifadhie akili zetu na vijana wetu. Amin.