Mchezo Usiodaiwa Faida

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye pia haoni hushikwa mara nyingi kwa siku, na kila anaposhikwa kuna kazi inayofanyika: ananyooshwa viungo, analishwa, anageuzwa asipate vidonda. Hata mpira akipewa, unaitwa zoezi. Mtoto wa jirani akikimbiza tairi mchana kutwa, nani anamuuliza anapata faida gani? Kwa nini basi huyu adaiwe faida hata kwenye mchezo? Fikra hii ni ya zamani. Aristotle alifundisha kwamba mtu hucheza ili apumzike, apate nguvu za kurudi kwenye shughuli zake. Kwa hesabu hiyo, asiyetarajiwa kufanya kazi hana haja ya kucheza. Naikataa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 31, unautaja mchezo kuwa haki, na ule wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 30, unataka watoto wenye ulemavu waipate sawa na wenzao. Sharti la kupona halimo.

Wapo watakaosema kwamba asiyeona, asiyesema, na asiyeweza kukaa hachezi. Wengine ndio wanaomchezea. Aliyelijibu hili kwa vitendo ni Lilli Nielsen wa Denmark. Alimlaza mtoto chali juu ya ubao mwembamba ulioinuliwa kidogo kutoka sakafuni, akamzungushia kisanduku kilichoning'inizwa vijiko, funguo na shanga karibu kabisa na vidole. Mkono unatikisika kwa bahati, kijiko kinalia, ubao unatetema mgongoni. Mtoto anatulia. Kisha anaupeleka mkono tena, safari hii taratibu. Nielsen alitaka mtu mzima anyamaze wakati huo, hata asimpongeze, maana pongezi humkatiza. Mtasema ni mshtuko wa misuli tu. Lakini mshtuko wa misuli hausikilizi, wala haujaribu kwa namna nyingine. Mholanzi Jan van Dijk naye alisogea pamoja na watoto viziwi wasioona, mwili kwa mwili, kisha akasimama na kungoja mtoto mwenyewe atoe ishara ya kuendelea. Hapo anayeamua ni mtoto.

Pingamizi zito zaidi ni la mama aliyeelemewa: viungo visiponyooshwa hukakamaa, na muda wenyewe ndio huo mchache. Ni kweli, na mazoezi yasiachwe. Mchezo nao huimarisha misuli, sibishi. Ila tukiuruhusu kwa sababu hiyo peke yake, siku maendeleo yasipoonekana tutaufuta, na wa kwanza kunyimwa atakuwa yule mwenye ulemavu mzito kuliko wote. Vijiko na kamba vimo nyumbani tayari, na mtoto aliyelazwa salama karibu navyo, mama akimtupia jicho huku akichambua mchele, hamwongezei mzigo mkubwa. Kinachotakiwa ni kumwachia mtoto muda huo bila kumhesabia amefikia wapi.