Haki ya Mtoto Aliyechelewa

Amma baad. Katika milima ya Buha, Kasulu hata Kibondo, mtoto achelewaye kukaa au kusema pengine hufichwa ndani, na mamaye hulaumiwa. Hayo hayafai. Kalamu ya hesabu imeondolewa kwa mtoto, lakini haikuondolewa kwa walii wake. Asiyekaa peke yake afikapo miezi 9, au asiyetembea afikapo miezi 18, na apelekwe hospitali akapimwe, wazazi wafundishwe kumzoeza. Kwani viungo na akili hufundishika zaidi miaka ya mwanzo. Jirani naye awatekee maji. Ibnu Ummi Maktum alikuwa kipofu, na Mtume (s.a.w.) alimfanya mwadhini. Amfichaye mtoto ameficha amana. Wallahu aalam.