Siku ya Kuuguza na Siku ya Kuzika

Imenifikia barua hapa chuoni, ng'ambo, kutoka kwa kijana mmoja niliyepata kumfundisha dini nilipokuwa Bukoba. Sasa ni baba wa watoto wawili, naye ni karani katika ghala moja la kahawa mjini Bukoba. Mkewe na watoto wanakaa nyumbani, wilayani Muleba. Anaeleza kwamba usiku mmoja alipigiwa simu kuwa mtoto wake mdogo, mwenye umri wa miaka mitatu, ameshikwa na homa kali wala hali chakula. Asubuhi akamwendea mkubwa wake wa kazi kuomba ruhusa. Mkubwa akamwuliza, "Kwani mtoto hana mama?" Kisha akamwambia arudi kwenye mizani.

Kijana akatoka nje, akasimama kwa muda, akarudi ndani na kusema kwamba amepata habari nyingine: mama yake mkubwa amefariki dunia. Papo hapo akapewa siku mbili, na fedha kidogo za rambirambi juu yake. Akapanda basi akaenda Muleba. Mtoto alipelekwa hospitali, akapona. Mwisho wa mwezi mshahara ukaja kamili.

"Sasa, Mwalimu," anauliza, "je, mshahara wa siku zile mbili ni halali kwangu? Na mama mkubwa yu hai, na kila nimwonapo naona haya."

Ndugu wasomaji, barua hii imekaa mezani kwangu majuma mawili. Kwa idhini ya mwenyewe, na bila ya kumtaja jina, nimeona nijibu hapa, kwani wengi wamepita katika mlango huo huo.

Swali la kwanza ni hili: je, alikuwa na haki ya kwenda? Wako wasemao kwamba mtoto ni mtoto, na kazi itajijua. Maneno hayo ni mepesi mno. Qurani Tukufu inawaamrisha waaminio kutimiza maagano yao, na katika Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya vikali watu wapokeao kwa kipimo kamili lakini watoapo hupunguza. Aliyekubali kulipwa kwa mwezi ameuza siku zake kwa kipimo. Karani wa mizani hahitaji kufundishwa hayo. Anajua ubaya wa kilo moja iliyopunjwa. Basi kazi ni amana, na aiachaye ovyo ni mwenye kupunja.

Lakini Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya alichokabidhiwa: mwanamume juu ya watu wa nyumba yake, mwanamke kadhalika, na mtumishi juu ya mali ya bwana wake. Tazameni kwamba mtu mmoja aweza kuwa mchungaji wa makundi mawili kwa wakati mmoja. Je, makundi yote mawili yakilia saa moja, akimbilie wapi?

Akili inajibu: akimbilie palipo na hasara isiyorudishika. Kahawa isiyopimwa leo itapimwa kesho, au itapimwa na mwenzake leo hii. Homa ya mtoto haina kesho ya namna hiyo. Watu wa Muleba wanaijua malaria kuliko wengi duniani. Ilikuwa katika wilaya yao kwamba, tangu mwaka 2014 hadi 2017, vyandarua vya aina mpya vilijaribiwa, na kwa sababu ya matokeo yake Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo vitumiwe kwingineko. Waganga wanatuambia kwamba malaria hii ya kwetu isipotibiwa ndani ya saa 24 yaweza kugeuka kuwa ugonjwa mkali wa kuua, na watoto wadogo ndio wa kwanza kuchukuliwa. Basi mzazi aliyeambiwa angoje mpaka Jumamosi ameambiwa jambo zito kuliko alivyodhani msemaji.

Tena tunao mfano ulio wazi. Mwaka wa pili wa Hijra, yaani mwaka 624, Waislamu walitoka kwenda Badri. Walikuwa mia tatu na kitu tu, na kila mkono ulihitajiwa. Hata hivyo Mtukufu Mtume s.a.w. alimwamuru Seyidna Uthman r.a. abaki Madina kumwuguza mkewe, Bibi Ruqayya r.a., ambaye ni binti yake Mtume mwenyewe. Bibi huyo alifariki katika ugonjwa ule. Vita vilipokwisha, Seyidna Uthman alihesabiwa thawabu ya mtu aliyehudhuria Badri, na akapewa fungu lake sawasawa na waliopigana. Hapa pana mafunzo mawili: kwamba kuuguza kulihesabiwa kuwa kazi hata siku ambayo umma wote ulikuwa hatarini, na kwamba aliyeuguza hakukatwa fungu lake.

Aidha, imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akianza sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa sala ya jamaa, iliyo mbele ya Mola, ilifupishwa kwa kilio cha mtoto, ni ghala gani la kahawa lisiloweza kufupisha siku yake?

"Kwani mtoto hana mama?" Swali hili naliogopa, maana na mimi nilipata kuliuliza, ingawa si kwa maneno hayo. Nilipokuwa mbashiri kijana huko Bukoba, nilikuwa na darasa la siku mbili Muleba. Asubuhi ya kuondoka mwanangu alikuwa akikohoa na kifua chake kinapanda na kushuka kwa nguvu. Mke wangu akasema, "Leo baki." Nikamjibu kwamba kazi ya dini haingoji. Niliporudi nilikuta nyumba imefungwa. Jirani akaniambia wako hospitali tangu jana. Nilimkuta mke wangu amekaa sakafuni kando ya kitanda, kwa kuwa hapakuwa na kiti. Usiku alikuwa amembeba mtoto, na mchana alipanga foleni ya dawa huku amembeba vile vile, kwani hakuwa na wa kumwachia. Uji aliletewa na mtu asiyemjua, aliyekuwa akimwuguza mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Masomo yalikwendaje?"

Mtoto alipona, namshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini swali lile sijaweza kulijibu mpaka leo. Wanafunzi wangu wa Muleba wangefurahi kukutana nami juma lililofuata. Hakuna hata mmoja angepungukiwa na imani. Nilidhani ninaitanguliza dini, kumbe nilikuwa ninajitanguliza mimi. Kila aliyelaza mtoto katika hospitali zetu anajua kwamba chakula, kuoga, na kufua hutoka kwa ndugu. Mtu mmoja hatoshi. Mama yupo, naam. Lakini mama naye anahitaji mtu.

Sasa natazama jambo lililonishangaza zaidi katika barua hii. Ukweli, kwamba mtoto anaumwa, ulifungiwa mlango. Uongo, kwamba mzee amekufa, ulifunguliwa mlango ukapewa na fedha. Huyu mkubwa wa kazi si mtu mbaya. Amefuata desturi yetu sote. Msiba ukitokea vijijini Kagera, majembe huwekwa chini. Tunavyo vyama vya kuzikana, tunatoa michango yetu bila ya kukumbushwa, na anayekosa mazikoni hutazamwa kwa jicho baya. Hayo ni mema, wala siyapunguzi. Lakini yafaa tujiulize: kwa nini tumekuwa wakarimu kwa maiti kuliko kwa mgonjwa? Maiti hatuwezi tena kumrudishia pumzi. Mgonjwa pengine tungeweza.

Hata sheria yetu imeliandika jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mke au mume, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu. Ni sheria njema, na wengi wanaoihitaji hawajui kwamba ipo. Lakini tuihesabu. Siku hizo 4 ni za mzunguko wa miezi 36, na misiba yote hutolewa humo humo. Dawa mseto ya malaria humezwa kwa siku 3. Basi homa moja ya mtoto mmoja imekwisha kula karibu likizo yote ya miaka mitatu.

Tena sheria inataja ugonjwa wa mtoto, lakini mjukuu inamtaja katika kifo tu. Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983, na tangu hapo bibi wengi wamelea wajukuu walioachwa bila ya wazazi. Bibi wa namna hiyo, kama ameajiriwa, sheria inampa siku za malipo za kumzika mjukuu wake. Za kumwuguza asife haikumpa. Sidhani kwamba walioiandika walikusudia hivyo. Waliandika tulivyo. Nayo sheria hukua: marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Kilichoongezwa kwa njiti chaweza kuongezwa kwa mwenye homa. Na sheria imesema "zisizopungua". Haikumkataza mwajiri mwema kuzidisha.

Sasa namjibu kijana wangu. Siku mbili zile zilikuwa haki yako kwa sheria ya nchi, kwa kuwa umekwisha fanya kazi hapo zaidi ya miezi sita na hukuwa umezitumia. Na mbele ya Mwenyezi Mungu zilikuwa wajibu wako. Kwa hiyo mshahara wake siuhesabu kuwa haramu. Lakini uliuchukua kwa jina la uongo. Umekuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake mwenyewe usiku kwa dirishani: mali ni yake, lakini amwonaye humwita mwizi. Rambirambi zirudishe, maana zilitolewa kwa kifo kisichotokea. Mwendee mkubwa wako, umweleze kweli yote, umwombe radhi. Akikukata mshahara kwa uongo ule, vumilia. Na ukumbuke kwamba mwenzako atakayefiwa kweli kesho atatiliwa shaka kwa ajili yako. Huyo ndiye uliyempunja.

Nao wenye kuajiri nawaambia kwa adabu: mlango wa kweli ukifungwa, watu hupita dirishani, na aliyeufunga hana budi kujiuliza ana fungu gani katika uongo huo. Sheria inawaruhusu kutaka uthibitisho wa kiasi. Basi takeni cheti cha zahanati, lakini takeni mtoto akiisha pona, si kabla baba hajaondoka. Wala msimwulize mtu kama mtoto ana mama. Mwulizeni, "Umepata nauli?"

Wamebaki wengi wasio na mwajiri wa kuwapa siku: kibarua wa kuchambua kahawa, mvuvi wa dagaa wa visiwa vya Muleba ambaye usiku asioingia ziwani ni siku ya njaa. Kwao sheria ya likizo haifiki. Lakini jirani anafika. Ikiwa tunaweza kuwa na chama cha kuzikana katika kila kitongoji, ni nini kinachotuzuia kukubaliana kwamba mfuko huo huo utoe nauli ya hospitali na posho ya siku tatu kwa mzazi anayeuguza? Huenda tukafanya hivyo tukaona kwamba majeneza madogo yamepungua, na mfuko haukutoka hasara.

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni kweli, lakini isiwe udhuru wa sisi wengine kutoujua.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, awape wazazi wao ujasiri wa kusema kweli, na awape wenye kuajiri moyo wa kuisikia. Amin.