Nani Atatia Kuni Kesho?

Somo: Waamuzi 2:6-10, Walawi 6:12-13



Katika kitabu cha Yoshua tunaona mto ukisimama na kuta zikianguka. Geuza kurasa chache tu, ufike Waamuzi sura ya pili, uone mambo yalivyobadilika. Yoshua anakufa akiwa na miaka 110. Wazee wa rika lake nao wanazikwa. Halafu tunaambiwa kwamba waliokuja baadaye Bwana hawakumfahamu, na yale aliyowatendea baba zao hawakuwa na habari nayo.

Hebu angalia vizuri, mpendwa. Haisemwi ati walishindwa vita. Haisemwi ati mfalme fulani aliwakataza kuabudu. Hema ya Bwana ilikuwa bado iko Shilo. Na ilichukua muda gani? Kizazi kimoja tu. Mungu alikuwa amewatahadharisha mapema. Katika Yoshua sura ya nne aliwaagiza wasimamishe mawe 12, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Mawe yalibaki Gilgali. Jibu ndilo lililopotea.

Nyumba tuliyolala

Mwezi wa nane mwaka jana, mimi na mama mchungaji tulienda Uingereza kumtembelea binti yetu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo yeye na mume wake wakakodi nyumba ya likizo wiki moja kule Wales, mashambani, si mbali na mji mdogo wa Bala. Ni nchi ya vilima vya kijani, kondoo kila mahali, kuta za mawe badala ya ua, na barabara nyembamba mpaka magari mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Karibu na mji kuna Llyn Tegid, ziwa la asili lililo kubwa kuliko yote ya Wales. Watoto walifurahi sana. Mama mchungaji hakuvua sweta wiki nzima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, paa la sleti, madirisha marefu yenye upinde juu. Jiko lilikuwa pale palipokuwa na mimbari. Kitanda chetu kilikuwa juu, kwenye roshani ambapo zamani watu walikaa kusikiliza Neno. Ndiyo, wapendwa, lilikuwa kanisa. Juu ya mlango liliachwa jiwe lililochongwa neno moja: Ebeneser.

Mjukuu wetu wa miaka tisa akauliza, "Babu, hili jiwe ni la nini?" Nikamfungulia 1 Samweli 7:12, nikamweleza jinsi Samweli alivyosimamisha jiwe kwa sababu Bwana alikuwa amewasaidia mpaka pale walipofika. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na watu wa hapa walienda wapi?"

Swali hilo nililipeleka kwa mama mmoja mzee, jirani, ambaye ndiye aliyetunza ufunguo wa nyumba. Alikulia katika kanisa lile. Alinionyesha kwa kidole mahali familia yao ilipokaa kila Jumapili. Sasa pana friji na mashine ya kufua. Aliniambia hakukuwa na ugomvi. Hakuna mhubiri aliyeanguka dhambini, wala pesa iliyopotea. Vijana walikwenda mijini kutafuta kazi, na waliobaki wakaacha kuja, mmoja mmoja. Mikutano ya miaka ya mwisho, alisema, ilikuwa ya paa: linavuja, tutatoa wapi pesa? Siku moja wakajihesabu, wakawa saba, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 68.

"Paa tulilitengeneza," akaniambia. "Si unaona bado ni zima?"

Nchi iliyowaka moto

Msidhani nawaambia habari za nchi isiyomjua Mungu. Mwaka wa 1800, msichana wa miaka 15 aitwaye Mary Jones, binti wa mfumaji maskini, alitembea bila viatu kutoka Llanfihangel-y-Pennant mpaka Bala kununua Biblia ya Kiwelshi kwa mchungaji Thomas Charles. Ni zaidi ya kilomita 40, karibu kama kutoka Nairobi mpaka Thika. Alikuwa ameweka akiba miaka sita. Njaa ya Neno ya watu kama yeye ilimsukuma Thomas Charles na wenzake, na mwaka wa 1804 Chama cha Biblia kikaanzishwa London. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi wenu mmeibeba kwapani, ilitoka kwa chama hicho.

Miaka mia moja baadaye, mwaka wa 1904, moto wa uamsho ulishuka Wales. Kijana wa miaka 26, Evan Roberts, aliyekuwa amefanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, alianza mikutano ya maombi katika kanisa la Moriah kule Loughor. Maelfu kwa maelfu waliokoka. Inasimuliwa kwamba farasi wa machimboni walichanganyikiwa, kwa sababu walizoea kuamrishwa kwa matusi, na sasa wachimbaji wameacha kutukana! Habari hizo zilivuka bahari mpaka Los Angeles, zikawachochea watu waliokuwa wakiomba kule, na mwaka wa 1906 moto ukawaka Azusa Street. Sisi Wapentekoste, hiyo ni sehemu ya ukoo wetu.

Sasa sikiliza. Katika sensa ya 2021, watu wa Wales waliosema hawana dini walikuwa asilimia 46.5. Wakristo walikuwa asilimia 43.6. Sisemi haya kuwacheka. Mungu bado ana watu wake kule, na yule mama ni mmoja wao: kila Jumapili huenda mji mwingine kusali. Nasema kwa sababu ukumbi kujaa leo si dhamana ya kesho.

Kuni za asubuhi

Katika Walawi 9:24 moto ulitoka kwa Bwana. Lakini kuni hazikutoka mbinguni. Sura ya sita inamwagiza kuhani atie kuni kila asubuhi, ili moto usizimike. Uamsho ni wa Mungu. Kuni ni kazi yetu.

Kumbuka pia Mary Jones hakuanza na safari. Alianza na darasa. Thomas Charles alikuwa ameanzisha shule zilizohama kutoka kijiji hadi kijiji, zikifundisha watu kusoma Biblia kwa lugha yao wenyewe. Hakuna mtoto atakayetembea kilomita 40 kutafuta kitabu ambacho hajawahi kufunzwa kukisoma.

Basi tuje kwetu. Jumapili tunajaa, Mungu atukuzwe. Tunajenga, na ujenzi si dhambi. Lakini watoto wetu wanasomea wapi? Katika stoo ya viti. Wa miaka mitatu na wa miaka 13 pamoja, walimu wawili, na mmoja wao yuko kwaya. Wakimaliza kidato cha nne wanaenda chuo, tunawaona Krismasi. Tunasema, "Watarudi tu." Nani alituahidi?

Nyumbani, soma Kumbukumbu la Torati 6:7. Weka simu chini, hata dakika kumi. Mwambie mtoto ulivyookoka. Mwambie ile siku hamkuwa na karo na Mungu akafungua mlango. Mweleze kwa lugha anayoielewa, hata kama ni Sheng.

Kanisani, nimewaomba wazee kwamba kabla hatujanunua vigae vya sakafu, tumalize kwanza vyumba viwili vya watoto. Jambo hili litaletwa mbele ya washirika wote Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Najua wengine walitoa pesa zao kwa ajili ya vigae, na hawatapenda. Njooni mseme. Mimi ningependa tuabudu juu ya saruji tukiwa na watoto wetu, kuliko juu ya vigae tukiwa wazee peke yetu.

Tena tunahitaji walimu wanane. Msiwaachie akina dada tu. Baba, wewe ambaye huku nyuma unalinda magari, njoo ufundishe vijana wa kiume.

Juma hili, muulize mtoto wako au mjukuu wako: "Unajua Mungu ametutendea nini kama familia?" Halafu nyamaza, umsikilize. Jibu lake litakuonyesha kama kuni zipo.

Tuombe: Bwana, moto ni wako. Tupe mikono ya kubeba kuni asubuhi hii, na usituache tuzeeke tukiulinda ukumbi huku watoto wetu hawakujui. Katika jina la Yesu, amina.