Barua taka: Nani kampa ruhusa ya kuingia?

Bila shaka umewahi kupata ule ujumbe wa simu usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Umeupata wewe, kaupata mkeo, kaupata mwenye duka, kaupata hata mzee asiyedaiwa na mtu wala hana wa kumtumia hela. Wengi tunacheka na kuufuta. Lakini hebu tutafakari kidogo: kwa nini tapeli huyu hachoki? Hajui kama unadaiwa. Hajui hata jina lako. Anachojua ni kwamba akiupeleka ujumbe ule ule kwa watu elfu kumi, hatakosa mmoja ambaye asubuhi hiyo hiyo kaambiwa na mwenye nyumba alipe kodi, naye anasubiri namba ya kutumia. Huyo mmoja hatashituka, atatuma. Wale 9,999 waliobaki ni hasara isiyomuuma tapeli, kwa sababu si yeye anayeilipa.

Hapo ndipo lilipo swali langu la leo. Kuhusu utapeli hatuna mjadala. Wizi ni wizi, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliweka namba 15040 ya kuripotia ujumbe wa namna hiyo. Nataka niulize jambo gumu zaidi. Je, ujumbe huo ungekuwa wa kweli tupu, hauna hila ndani yake, lakini umepelekwa kwa watu elfu kumi ambao hawakuuomba, pana kosa? Wengi hujibu upesi kwamba hapana, kwani anayeusoma hapungukiwi na kitu, asipoutaka aufute. Mimi naona kosa lipo, na kwa sehemu kubwa ni lile lile.

Tuanze na mwanzo wake. Mei 3, 1978, kabla intaneti tuijuayo haijazaliwa, mtandao wa kompyuta wa ARPANET ulikuwa ukiunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Marekani chini ya wizara ya ulinzi. Ofisa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, Gary Thuerk, alitaka kuwaalika watu wa California waje kuona mashine mpya. Badala ya kumwandikia kila mmoja barua yake, anwani zilichukuliwa kwenye orodha ya watumiaji iliyochapishwa, na ujumbe mmoja ukapelekwa kwa watu karibu 400 kwa mpigo. Anwani zilikuwa nyingi kiasi kwamba nyingine zilifurika zikaingia ndani ya maandishi ya tangazo lenyewe. Malalamiko yalikuwa makubwa, na wasimamizi wa mtandao wakasema matumizi hayo ni kinyume cha taratibu. Na Thuerk? Kwa miaka mingi baadaye alikuwa akisimulia kwa fahari kwamba tangazo lile liliuza mashine za mamilioni ya dola.

Tazama jambo hili vizuri. Tangazo lile halikuwa na uongo. Mashine zilikuwepo, maonyesho yalikuwepo, na waliokwenda waliziona. Hata hivyo watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, ingawa nadhani wengi wao wasingeweza kueleza sawasawa kwa nini.

Mwaka 1994 mambo yalizidi. Mwezi Aprili mwaka huo mawakili wawili wa Arizona, mtu na mkewe, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo moja kwenye maelfu ya mabaraza ya majadiliano ya Usenet: waliokuwa wakizungumzia mapishi walilikuta, waliokuwa wakizungumzia hesabu walilikuta. Walikuwa wakiuza huduma ya kumjazia mtu fomu za bahati nasibu ya Green Card, jambo ambalo mwombaji angeweza kulifanya mwenyewe bila wakili. (Wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa wanaojua foleni za kujaza fomu hizo mjini watanielewa.) Watu walijibu kwa hasira nyingi mpaka mitambo ya kampuni iliyowaunganishia mtandao ikaelemewa. Wao hawakuomba radhi. Walisema wametumia uhuru wao wa kusema, kisha wakaandika kitabu kuwafundisha wengine namna ya kutajirika kwa njia hiyo.

Na hapa nifungue mabano kidogo, maana jina lenyewe lina kichekesho chake. Wazungu huziita barua hizi "Spam", jina la nyama ya nguruwe ya kopo iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel ya Marekani mwaka 1937. Wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, walitengeneza mchezo mwaka 1970 kuhusu mgahawa ambao karibu kila chakula chake kina nyama hiyo, na watu wanaimba jina lake mpaka wengine hawasikilizani. Ndiyo maana jina likawashika wenye kurudia rudia maneno yao mpaka wakazima ya wenzao. Sisi tumesema barua taka, na tumesema vizuri zaidi.

Turudi kwenye hoja ya uhuru wa kusema, kwa kuwa ndiyo ngao kubwa ya watu hawa. Hivi uhuru wa kusema una maana ya uhuru wa kusikilizwa kwa lazima? Na kwa gharama ya msikilizaji? Mahakama za Marekani zilikutana na swali hili uso kwa uso. Mwaka 1997 mahakama moja ya Ohio ilisema kwamba kampuni ya Cyber Promotions, iliyokuwa ikimimina matangazo kwenye mitambo ya CompuServe hata baada ya kukatazwa, ilikuwa inaingilia mali ya watu, kwa sababu mitambo ile ilielemewa na wateja waliokuwa wakilipia muda wao wakawa wanalipia kusoma taka. Miaka sita baadaye likaja shauri la namna nyingine. Kourosh Kenneth Hamidi, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Intel, alipeleka barua pepe mara sita, katika muda wa karibu miaka miwili, kwa maelfu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo, akiikosoa namna inavyowatendea watu wake. Aliyemwomba aondolewe kwenye orodha, alimwondoa. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya California, majaji wanne dhidi ya watatu, iliamua kwamba hakuvamia mali ya mtu, maana mitambo haikuharibika wala kuzorota.

Wanne kwa watatu. Kama majaji wenyewe waligawanyika hivyo, si ajabu sisi kugombana kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Binafsi naona hukumu zote mbili ni sawa. Cyber Promotions iliwabebesha watu mzigo wake huku ikijua hawautaki. Hamidi alikuwa na neno linalowahusu wale wale aliowaandikia, aliwaandikia mara chache, na aliyemfungia mlango hakurudi kwake.

Sheria nazo zimegawanyika, na mgawanyiko wao unatuhusu sana sisi watu wa pwani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inamruhusu mfanyabiashara kukuandikia mpaka utakapomwambia aache. Agizo la Ulaya la mwaka 2002 linamtaka apate ridhaa yako kwanza, isipokuwa kwa masharti kwa mtu aliye mteja wake tayari. Tanzania, kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ilifuata njia ya ridhaa, na Kenya vivyo hivyo kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mtu anaweza kudhani hizi ni tofauti za wanasheria tu. La hasha. Ni tofauti baina ya mgeni anayepiga hodi na mgeni anayejikalisha sebuleni akasema, "Kama hunitaki, niambie nitoke." Sisi tumelelewa kupiga hodi mara tatu, usipoitikiwa urudi ulikotoka bila kinyongo, na msomaji wa gazeti hili hana haja ya kukumbushwa adabu hiyo imetoka wapi. Hata jirani aliyeleta sahani ya futari hupiga hodi. Uzuri wa alichobeba haujawahi kuwa ruhusa ya kuingia.

Nasisitiza hilo la futari kwa sababu ndipo sisi wenyewe tunapoguswa. Barua taka si za Wazungu na matapeli peke yao. Zimo zile za "tuma kwa watu 20 utapata habari njema, aliyepuuza alifilisika." Aina hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1908, chini ya Wajerumani, ulizuka Lindi waraka uliodaiwa kutoka Makka, wenye habari za ndoto ya mtunza kaburi la Mtume (s.a.w.) kule Madina. Nakala zake zilienea pwani na bara, na Wajerumani, ambao ndiyo kwanza walikuwa wametoka kwenye vita vya Majimaji, wakaingiwa na hofu kwamba ni maasi mapya. Wasia wa namna hiyo uliendelea kuzunguka dunia kwa miaka mingi mpaka Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia akaandika kuukanusha. Lakini fikiria mwenye kuueneza mwaka 1908. Alihitaji karatasi, wino, taa, usiku mzima wa kunakili, na msafiri wa kuubeba. Gharama ile ilikuwa bawabu. Ilimlazimisha ajiulize kama neno hili linastahili usiku wake. Leo bawabu kaondoka. Kidole kimoja kinatosha, na anayelipa bando na muda ni mpokeaji. Bill Gates alilijua hilo aliposema mjini Davos, Januari 2004, kwamba tatizo la barua taka litakwisha ndani ya miaka miwili. Miongoni mwa dawa alizozitaja ni kumgharimu mpelekaji. Miaka miwili ikapita, na mingine mingi, na taka zingali zinaingia.

Niliwahi kuwa kwenye kamati moja ya harusi. Kama kawaida palikuwa na daftari la wachangiaji na namba zao za simu. Harusi ikaisha salama. Baada ya mwezi watu wakaanza kupokea matangazo ya vipuri vya magari kutoka kwa mjumbe mmoja, na matangazo ya mihadhara kutoka kwa mjumbe mwingine. Ikaitwa suluhu. Yule wa vipuri alilaumiwa sana na wala hakujitetea. Yule wa mihadhara alishangaa kuulizwa: "Mimi nawaita kwenye kheri, nyinyi mnanilinganisha na muuza breki?" Wengi walimkubalia. Mimi sikumkubalia, na nilimweleza hivi: namba zile zilitolewa kwa ajili ya mchango wa harusi. Ni amana. Amana haihalaliki kwa sababu umeitumia kwa jambo zuri. Laiti angemwomba kila mmoja ruhusa, naamini wengi wangempa, na wangekwenda mhadharani kwa hiari yao. Alinijibu kwa hoja ambayo mpaka leo naiona ina uzito: kama kila neno litasubiri ruhusa, mtu asiyekujua atakufikiaje? Na mgonjwa anayehitaji damu usiku, naye asubiri?

Mgonjwa asisubiri. Nyumba ikiungua hakuna hodi, unavunja mlango. Shida ni kwamba kila mwenye kidole juu ya kitufe anaamini nyumba yake ndiyo inayoungua, na ule wito wa damu wa miaka mitano iliyopita, ambao mwenyewe alishapona au alishazikwa, bado unazunguka kwenye simu zetu ukiwa na namba ya mtu aliyechoka kupigiwa. Kwa hiyo yule anayevunja mlango ana kazi moja isiyokwepeka, nayo ni kuhakikisha moto upo. Hiyo kazi ni dakika tano za kupiga simu na kuuliza. Wangapi tunaifanya?

Na kuna mwingine anayelipa ambaye hatumkumbuki kabisa. Taka zilipozidi, wataalamu walitengeneza vichujio. Kichujio hakijui ukweli wala uongo. Kinahesabu dalili: maneno haya yameonekana mara ngapi kwenye taka, mpelekaji huyu anajulikana au la, barua imetoka wapi. Kisha kinakisia. Kwa maneno mengine kinafanya kazi kwa dhana, na dhana humwangukia zaidi mgeni, mtu mwenye anwani mpya, anayeandika kwa mara ya kwanza kuhusu fedha au kazi.

Kijana mmoja wa hapa mtaani aliomba kazi kwenye shirika fulani dogo, akakaa wiki tatu bila jibu, akaamini amekataliwa. Siku moja akitafuta kitu kingine alifungua folda ya taka. Barua ya kumwita kwenye usaili ilikuwa imelala humo, chini ya tangazo la dawa za kupunguza unene na juu ya ujumbe wa ndugu yake mwenyewe uliomwambia aupeleke kwa watu 20. Tarehe ya usaili ilikuwa imepita kwa siku nane.