Deni la Pumzi

Nilimshinda binamu yangu kwa kujificha nyuma ya mgongo wake. Miaka sita sasa, na sijawahi kumwambia mtu.

Zilikuwa mbio za ufukweni Diani, kilomita mbili, kutoka upande wa Msikiti wa Kongo kuelekea Galu. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu kama lami, ila kusi ilikuwa yatupiga usoni. Binamu alitoka kasi tangu mwanzo. Ndivyo alivyo, hata ugali hula hivyo. Mimi nikajibana nyuma yake, hatua moja tu, nikasikia upepo umekatika. Nikatulia hapo. Zilipobaki kama mita mia moja nikatoka pembeni nikampita. Shilingi elfu tano, taslimu. Yeye wa pili akapata fulana.

Sheria sikuvunja. Lakini juzi nilikesha nikitazama video za mbio fupi za skii (najua, mtu wa Ukunda na theluji wapi na wapi, nivumilie) na ile siku ikanirudia. Wanatoka sita kwa mkupuo, dakika tatu hivi mbio zimekwisha, na ni wawili wa kwanza tu wenye uhakika wa kusonga mbele. Mara nyingi utaona hakuna anayetaka kuongoza. Aliye mbele anawakatia wenzake upepo; aliye nyuma anateleza kwa bei nafuu, anasubiri, kisha anachomoka mwishoni.

Halafu kuna hesabu ya mlima. Mchezaji akipanda, misuli yake inataka oksijeni kuliko mapafu yanavyoweza kuleta. Anakopa. Akifika juu na skii zikaanza kushuka zenyewe, anahema, analipa. Ndiyo maana wajuzi hujikaza zaidi mlimani: wanajua mteremko unakuja. Hilo ni deni la mtu na mwili wake, halimhusu mwingine. Ufuo wa Diani hauna mteremko. Mimi nilikopa kwa nani?

Nikamkumbuka Philip Boit, Mkenya mwenzetu, mkimbiaji wa masafa ya kati aliyepelekwa Finland kujifunza skii. Mwaka 1998 akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Siku ile waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na saa yake. Boit alimaliza wa mwisho, kwa dakika 47 na ushei, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie akamsubiri pale mwisho, akamkumbatia. Watu husimulia lile kumbatio. Mimi nakwama kwenye zile dakika 47, maana naona zote alizilipa kutoka mfukoni mwake.

Utaniambia huko ni kutumia akili, na sitabisha sana. Mwenye kuongoza naye amechagua kuongoza. Ila nikitazama huku mtaani naona ule mchezo kila mahali. Kazi ya kikundi chuoni, kuna mmoja anakesha akiandika, na kuna aliyelala vizuri ambaye asubuhi ndiye anasimama mbele kuwasilisha, sauti safi, shati limepigwa pasi. Naye hakuvunja sheria. Tena makofi anapigiwa yeye.

Kinachonisumbua si kukaa nyuma. Kama tungepokezana, mita mia tano wewe, mita mia tano mimi, halafu tushindane mwishoni, ningelala usingizi. Nilichokosea, nadhani, ni kule kujua tangu mwanzo kwamba zamu yangu haitafika.

Wiki iliyopita nikamfuata stendi Ukunda, siku hizi anaendesha tuktuk. Nikamweleza yote. Akacheka hadi abiria akageuka.

"Mi nilijua uko nyuma. Pumzi zako nilikuwa nazisikia."

"Sasa mbona hukupunguza, nikuongoze mimi kidogo?"

"Ningepunguza, wale wa Msambweni wangetupata sote. Wewe hukuangalia nyuma?"

Sikuwa nimeangalia nyuma hata mara moja. Nikatoa elfu mbili na mia tano, nikamwekea kwenye dashibodi. Akaziangalia, akawasha tuktuk.

"Na fulana je? Utaikata nusu?"

Akaondoka na abiria wake. Hela hakunirudishia.