Kazi ya Mungu haina makosa

Sidhani kama iko methali isemwayo mara nyingi zaidi katika wilaya ya Irumu, mkoani Ituri, mashariki ya Kongo, kuliko hii. Husemwa Bogoro, kwenye mteremko uelekeao Ziwa Albert. Husemwa Komanda, zinapokutana barabara za Bunia, Beni na Kisangani. Husemwa Gety, Boga, Nyankunde na Marabo. Na Mhema, Mngiti, Mbira na Mnyali wote huisema kwa Kiswahili, kwa maneno yale yale. Aliyefiwa huisikia kabla kaburi halijachimbwa, aliyeunguliwa nyumba huisikia majivu yakali moto, na aliyekimbia kwao bila hata sufuria huisikia kutoka kwa mtu aliyempa pahali pa kulala. Neno lisemwalo na halaiki ya watu katika saa nzito kama hizo lastahili kufikiriwa kwa makini, kwa sababu likifahamika vyema huwa tegemeo la roho, na likifahamika vibaya huweza kumfanya mwenye msiba amchukie Muumba wake, na kumfanya muuaji alale usingizi mzuri.

Maana yake ya kwanza ni utii wa mja mbele ya Mola wake. Mwanadamu ni kiumbe wa siku chache ambaye ilimu yake haivuki kizingiti cha leo, naye Mwenyezi Mungu aujua mwanzo wa kila jambo na hatima yake. Kwa hiyo mja akipatwa na jambo asilolifahamu hana hoja ya kudai kwamba Mola amekosea hesabu. Waislamu wana kisa mashuhuri katika Sura ya Pango, ambamo Nabii Musa alifuatana na mja mwenye ilimu, ambaye wafasiri humwita Khidr, akamwona akitoboa chombo cha maskini, akaghadhibika, wala hakujua kwamba mbele yao alikuwako mfalme aliyenyang'anya kila chombo kizima, na kwamba tundu lile ndilo lililowahifadhia maskini wale riziki yao. Wakristo nao wana Ayubu, mtu mwadilifu aliyepotewa na mali, watoto na afya, akamkabili Mungu kwa maswali makali, na jibu alilopewa halikuwa orodha ya sababu, bali alionyeshwa upana wa uumbaji hata akatambua udogo wake. Vitabu hivi viwili vyakubaliana kwamba taabu yaweza kuwa na sababu, na sababu hiyo yaweza kuwa njema, ijapokuwa mwenye taabu haioni.

Maana hii ni ya kweli, nami naiamini kwa moyo wangu wote. Lakini haitoshi.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waumini wa Komanda walikuwa katika mkesha wa sala, katika parokia iliyopewa jina la Mwenyeheri Anuarite, yule mtawa wa Kikongo aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Wapiganaji wa kundi la waasi la ADF wakawavamia, wakaua zaidi ya watu 40, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Watu hawa hawakufumaniwa katika uovu wowote; walikuwa katika nyumba ya ibada, saa ambayo wengine wote walikuwa wamelala. Ni nani atakayesimama mbele ya majeneza hayo akatamka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na asiwepo mfiwa mmoja wa kumwuliza: je, baba, hii nayo ni kazi ya Mungu?

Hasha! Si kazi yake. Methali imeitakasa kazi ya Mungu peke yake, wala haikudai kwamba kila kitendekacho chini ya mbingu kimetendwa naye. Yako yatokayo kwake, na yako yatokayo katika mikono ya watu, ambayo yeye aliyakataza tangu siku ile damu ya Habili ilipolia kutoka ardhini. Na mtu achanganyaye mafungu haya mawili, hata kama nia yake ni kufariji, amemtwika Mungu mzigo wa muuaji. Kosa hili si dogo. Katika nchi ambayo waliochoma vijiji huonekana wakipita njiani, wengine wakiwa na vyeo, kusema kwamba yaliyotokea ni majaaliwa tu ni kuwapa hati ya msamaha ambayo hawakuiomba, na ambayo hatukuwa na mamlaka ya kuwaandikia.

Bogoro yatupa ibra katika jambo hili. Tarehe 24 Februari 2003, alfajiri, kijiji kilishambuliwa na wanamgambo, watu wapatao 200 au zaidi wakauawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe na mabati ya nyumba yakachukuliwa. Miaka kumi na mmoja baadaye, tarehe 7 Machi 2014, mahakimu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walimtia hatiani Germain Katanga, aliyekuwa kamanda katika eneo la Walendu Bindi, kwa kusaidia uovu ule, na mwezi wa Mei wakamhukumu kifungo cha miaka 12. Kisha mwaka 2017 waliamuru fidia kwa wahanga 297, kila mmoja dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya makazi, ya masomo, ya kujipatia riziki na ya kutuliza roho. Dola 250 hazimrudishi mtu, na yeyote aliyezika mama yake Bogoro aweza kuzitazama mkononi akaona uchungu wake umeongezeka. Walakini hukumu ile ilifanya jambo moja ambalo faraja zote za matanga hazikulifanya: ilitamka hadharani, kwa majina na tarehe, kwamba kazi ile ilikuwa ya watu, na kwamba watu hao waliweza kutoifanya.

Atakuja mtu aseme: lakini Mungu aliona, alikuwa na kudura ya kuzuia, wala hakuzuia; basi si ameruhusu? Naam, ameruhusu, na hapo ndipo penye fundo la mambo yote. Tumtazame Yusufu, ambaye habari zake zimo katika Taurati na katika Kurani. Nduguze walimtupa shimoni, akauzwa, akafungwa gerezani kwa uzushi, na mwishowe akawa waziri wa chakula katika nchi ya Misri, akawalisha wale wale waliomuuza. Alipojitambulisha kwao hakuwaambia kwamba hawakufanya neno. Na baadaye aliwaambia kuwa walikusudia uovu, na kuwa Mungu aliukusudia mwendo ule kwa wema. Yaani dhambi ilibaki dhambi, ikabaki ya kwao, ila Mola hakukubali kwamba dhambi ndiyo iwe na kauli ya mwisho. Kuruhusu si kuridhia, wala kugeuza uovu uzae jema si kuuagiza uovu huo.

Na kwa nini aruhusu hata mara moja? Sina ilimu ya Khidr, wala hakuna mtu wa Irumu aliyepewa ilimu hiyo, na yeyote asemaye kwamba amepewa nitamkimbia. Lakini akili yangu yaniambia hivi. Mungu alipompa mwanadamu hiari hakumpa kitu cha mchezo. Katika vita vya Ituri walikuwapo watu walioshika panga, na walikuwapo watu, wa makabila yale yale na pengine wa ukoo mmoja, waliomficha jirani wa kabila lililokuwa likiwindwa, chini ya kitanda au katika shamba la muhogo, huku wakijua kwamba wakigundulika watauawa pamoja naye. Mkono wa yule na mkono wa huyu umeumbwa sawa. Kama Mola angeupoozesha kila mkono ulioinuliwa kwa ubaya, asingekuwako mtu mwovu duniani, na asingekuwako mtu mwema pia, kwa maana wema usioweza kuwa kinyume chake si wema, ni mwendo tu, kama mwendo wa maji ya mto Shari kuteremkia mto Ituri. Mama aliyempoteza mtoto atasema kwamba bei hiyo ya hiari ni kubwa kupita kiasi, nami sina neno la kumkatiza. Namwacha aseme, na nadhani hata Mungu, aliyemsikiliza Ayubu kwa sura nyingi bila kumkatiza, humwacha aseme.

Liko fungu jingine la taabu ambalo halina mkono wa mtu: maradhi, ukame, radi, mtoto kufa tumboni. Hapa wahubiri hupenda kutoa mfano wa mama amshikaye mwanawe wakati tabibu anapomchoma sindano, na mtoto hulia akidhani amesalitiwa na yule ampendaye kuliko wote. Mfano ni mzuri, na kwa homa nyingi za maisha unafaa, ila tusiulazimishe ubebe kila kitu, maana iko sindano ambayo mtoto hakupona. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Komanda na Bunia, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200 mashariki ya Kongo, walikuwapo waliosema kwamba ni kazi ya Mungu, kwa hiyo hapana haja ya chanjo wala ya kuacha kumwosha maiti kwa mikono mitupu. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Akili iliyoitafuta chanjo ile, na moyo wa muuguzi aliyevaa mavazi ya joto kali akaingia kwa mgonjwa, navyo vilitoka kwa Mungu, na katika kazi yake yote sioni iliyo wazi zaidi kuliko hizo.

Sasa nimfikie mtu ambaye Irumu haina budi kumkumbuka kila ikitajwa subira. Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika Boga mwaka 1896 kuhubiri Injili. Mtawala wa Boga, Tabaro, hakumpenda. Watu walizuiwa kumpa chakula, akapigwa. Kisha ikatokea ajali: dada yake Tabaro aliangukia mkuki wa Apolo uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Apolo akashtakiwa kwa kuua, akapelekwa akiwa mfungwa hadi Toro, akatiwa gerezani, na huko, kwa ushuhuda wake mwenyewe, Yesu alimtokea aking'aa kama jua, akamtia moyo. Alipoonekana hana hatia na kufunguliwa, aliweza kurudi kwao Buganda na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Boga. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa kwa jina la Paulo. Apolo akapewa ukasisi mwaka 1903, na uzeeni akaingia msituni kwa Wambuti, ambao wengi waliwahesabu kuwa si watu. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, naye aliusia azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa bado yaelekea huko. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya Kianglikana.

Habari hii husimuliwa kwa furaha, na ni haki. Lakini mimi kila niisikiapo humfikiria yule dada yake Tabaro. Mateso ya Apolo yalizaa kanisa, na kifo chake yeye mwanamke kilizaa nini kwake mwenyewe? Alikuwa mzima, akafa kwa mkuki ambao haukurushwa na mtu. Faraja ya Apolo haiwezi kuandikwa katika hesabu ya mwanamke huyo. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wagonjwa waliouawa katika hospitali ya Nyankunde mwezi Septemba 2002, na ya watoto wa Komanda, naona yakini kwamba methali hii haiwezi kusimama bila akhera. Asiyeamini kwamba iko siku ambayo wafu watapewa haki yao, naye ana insafu, asiitamke, maana katika mipaka ya dunia hii peke yake si kweli. Aaminiye aweza kuitamka, kwa kuwa anazungumzia kazi ambayo bado haijaisha.

Tena aangalie ataitamkia wapi. Katika vilio vyetu turubai hufungwa kwenye miti ya ua, mabenchi huletwa kutoka kanisani, wanaume hukaa upande mmoja wakizungumza kwa sauti ya chini, na wafiwa wa kike hukaa ndani juu ya mikeka, miguu imenyooshwa. Mgeni huingia, hushika mkono wa mfiwa, husema, "Pole, mama yangu," na kabla mama huyo hajainua uso, ameshaongeza methali. Wakati huo huo nyuma ya nyumba yuko jirani aliyekuja tangu usiku na mzigo wa kuni na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyokwisha kutwangwa, amewaosha watoto wa marehemu, amewalisha, wala hakuna aliyemsikia akisema neno. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipokaa naye chini kimya. Walipoanza kueleza sababu za msiba wake ndipo walipokosa, na Mungu mwenyewe akawakemea. Kwa rai yangu methali hii ni mali ya mfiwa. Yeye akiifikia, baada ya wiki au baada ya miaka, akaisema kwa kinywa chake, tuinamishe vichwa, kwa kuwa ameshinda vita ambavyo hatukuviona. Sisi wengine hatuna ruhusa ya kumtangulia.

Basi, ndugu msomaji, utakapoitwa tena kwenye kilio huko Marabo au Boga au mitaa ya Bunia, nenda na kuni, maji na sombe, ukae mpaka sahani zimeoshwa. Na ikiwa marehemu aliuawa, nawe uliona, andika jina, siku na pahali, uyahifadhi, na siku utakapoulizwa na hakimu mwenye haki, uyaseme bila kumsingizia Mungu.